Paa Lililoamuliwa Mara Kumi na Nne

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Leo nimezaliwa mara ya pili! Si kwa maji. Kwa takwimu.

Niandike kwa utaratibu. Mama Stéphanie alikuja kutoka Lubumbashi, kwenye shirikisho la vyama vya nyumba, kuifundisha komite yetu. Sisi ni watu saba. Tunasimamia nyumba arobaini na nane za kampi ya zamani hapa Shituru, zile ambamo baba zetu waliishi walipoletwa kutoka Kasai kufanya kazi kiwandani. Mimi ni sekretere. Miaka tisa! Prezida ni Mama Germaine, muuguzi mstaafu. Anakalia kiti pekee chenye mikono. Mimi nakalia benchi, ubavuni mwa Mwalimu David, sekretere msaidizi. Ananukia sabuni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sijui anafanyaje.

Mama Stéphanie alisema komite isiyojijua inaamua kama mtu aliyefumba macho. Kwa hiyo tuhesabu. Tumekutana mara ngapi? Tumeamua nini? Kipi kimefanyika? Nani anaongea, nani hasikilizwi? Hesabu hizo, alisema, zitaonyesha mambo yanakwama wapi, na komite itaamua vizuri zaidi.

Wenzangu walisinzia. Mimi nilikaa wima. Nani mwenye madaftari yote? Mimi. Na mambo yanakwama wapi? Kwa prezida, pengine wapi!

Nikajitolea kukusanya takwimu. Mama Germaine alinishukuru mbele ya wote. Maskini. Zitasomwa tarehe ishirini na tatu, kwenye mkutano wa wakazi wote, na siku hiyo wakazi wana haki ya kubadilisha komite. Kiti kile kina mito miwili.

Nilimweleza mke wangu Colette. Akauliza kama takwimu zinatengeneza mlango wa choo. Colette hana upeo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimetoa madaftari yote kabatini. Mende nao wametoka. Colette amehamia kwa jirani na kifagio chake, amesema atarudi wakiondoka wao au nikiondoka mimi.

Matokeo! Tangu Januari 2022 tumekutana mara hamsini na saba. Tumepitisha maamuzi mia moja na tisa. Yaliyotekelezwa ni ishirini na mawili. Na kati ya hayo, sita ni kuahirisha mkutano.

Halafu nikapata dhahabu. Nyumba namba 31, ya Mama Mwadi, mjane wa dereva wa treni. Komite imeamua paa lake litengenezwe mara kumi na nne. Kumi na nne! Kila mara kwa kauli moja. Mara tatu tulipiga hata makofi. Paa liko vile vile. Nilicheka peke yangu mpaka vumbi la madaftari likanipalia.

Mama Germaine ameisha.

Madaftari yana safu ya mwisho, "Atakayefanya". Nilianza kuinakili, nikasoma mistari miwili mitatu, nikaiacha. Karatasi haikutosha upana. Tena takwimu nzuri hazibebi mambo mengi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mwalimu David amesikia. Alipita kwangu na shati jeupe, akasema ana kompyuta, anaweza kunipangia hesabu zote kwa saa moja. Nilimjibu kwamba kazi ya mkono ina heshima yake. Anataka jina lake liwe chini ya kazi yangu! Namjua.

Nimechora mwenyewe kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu za rangi. Nguzo fupi ya kijani, yaliyofanyika. Nguzo ndefu nyekundu, yaliyokwama. Juu ya nyekundu nimeandika PREZIDA. Ile nyekundu ilipanda mpaka karatasi ikaisha, nikagundisha karatasi ya pili juu, na ya tatu. Kalamu ikakauka katikati. Nikamalizia na rangi ya kucha ya Colette.

Colette alirudi, akaitazama sana. Akauliza kama ni kiwanda na bomba lake la moshi. Halafu akaona chupa ya rangi ya kucha. Sitaandika yaliyofuata.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kikao cha kawaida cha komite. Nilikwenda kupima nani anaongea sana. Mama Stéphanie mwenyewe alisema tupime. Nilificha simu chini ya daftari, nikawa naibonyeza kila msemaji anapobadilika. Sikujua kwamba kila ukiibonyeza inalia kama bata. Mama Germaine aliuliza mara mbili kama kuna mtu ameingia na bata. Nilisema nitachunguza.

Kikao kilichukua dakika tisini. Matokeo ni haya. Mama Germaine, tisa. David, tano. Wenzetu wanne kwa jumla, ishirini na mbili. Mimi, hamsini na nne.

Simu ina kasoro.

Nimekaa nikasahihisha. Kusoma muhtasari si kuongea, ni kazi. Kusalimia si kuongea, ni adabu. Kueleza mwenzako alitaka kusema nini ni kumsaidia. Baada ya masahihisho nimebaki na dakika nne. Zile hamsini ilibidi ziende mahali. Nimempa Mama Germaine zote, kwa sababu ni yeye aliyeniruhusu kusema. Hiyo ni haki kabisa.

Katika dakika zile tisini tuliamua pia paa la Mama Mwadi. Sikuongeza kwenye hesabu, nimeshaandika kumi na nne kwa rangi ya kucha na chupa imefichwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Maoni ya wakazi! Nimepita nyumba kwa nyumba na fomu yangu. Swali ni moja tu: kutoka moja mpaka tano, unaridhika kiasi gani na prezida?

Nyumba 12 ni ya Ricky, anayefanya biashara na wachimbaji wa Kambove. Alikuwa anatoa gari lake uani. Alisema ataridhika kabisa nikitoka nyuma ya gari. Nimeandika mbili. Nyumba 20, mbwa. Nimeandika moja.

Nyumba 31, Mama Mwadi. Nilimkuta anamenya karanga. Ndani mabeseni yamepangwa mstari sakafuni, ingawa mvua haijaanza, na juu dari imefanya tumbo kama mama mjamzito. Nilimsomea swali langu. Alinitazama kwa upole.

"Papa Lambert," alisema, "ile paa iko inafunguka. Minye nalalaka pa kona, na viatu kwa miguu. Andika ile."

Nilimweleza kwamba fomu haina nafasi ya paa.

"Basi andika pembeni."

Pembeni nilikuwa nimechora maua. Nikaandika: prezida, moja kati ya tano. Aliniwekea karanga kwenye mfuko wa shati, akanisindikiza mpaka njiani. Mama mwema sana. Ushahidi wake utamwangusha Germaine.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imekuja leo, tulipokuwa tunatoka misa. Si mvua ya kusalimia. Ilishuka na upepo, maua ya jakaranda yakajaa barabara nzima, halafu tukasikia kelele upande wa mstari wa tatu wa nyumba.

Dari ya namba 31 imeanguka.

Tulikimbia wote. Mimi nilifika wa nne. Mama Mwadi alikuwa amesimama uani, amelowa, amekumbatia kofia ya kazi ya marehemu mume wake. Ubao ulimpiga mkono. Mama Germaine alipiga magoti kwenye matope na nguo ya kanisani, akamfunga kitambaa, akawa anamwimbia polepole kama mtoto. David na mke wake walibeba kitanda, wakampeleka kwao. Ricky alibeba mabeseni. Mimi nilishika mwavuli. Chini ya mwavuli zilikuwapo fomu zangu.

Mama Mwadi alipopita aliniambia, "Uliniona jana, eh, Papa Lambert?" Basi.

Karanga zake zilinishinda kula mchana wote. Nadhani zina mchanga.

Ila niseme ukweli: David alibeba kitanda kile taratibu mno. Alitaka aonekane na kila mtu.

Jumanne, 21 Oktoba

Pigo! Mama Stéphanie amepiga simu. Eti takwimu haziwezi kusomwa mbele ya wakazi kama mtu wa pili hajazilinganisha na madaftari. Nikamwambia mtu wa pili anaweza kuwa Colette. Akasema atakuwa Mwalimu David.

Nimepeleka karatasi zangu kwa David, zimekunjwa kama godoro. Alizitandaza barazani. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Alifungua madaftari moja moja, akawa anaandika kwenye kompyuta yake. Baada ya muda akaniuliza kwa adabu ile safu ya mwisho iko wapi. Nilimweleza tatizo la upana. Akasema kompyuta haina tatizo la upana.

Kisha akafunga mlango wa barazani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ingefaa nisome kazi yake kabla ya Alhamisi. Akasema tena. "Papa Lambert, soma kwanza. Minye nakuomba." Unaona ujanja? Anataka nimsifu! Nilimjibu namwamini kabisa, nikaondoka nikiwa nimeinua kichwa. Nikajigonga kwenye kizingiti.

Mama Mwadi alikuwa kivulini, mkono umefungwa. Akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimetulia. Naweza kuandika. Nitaandika yote.

Ukumbi wa parokia, saa tisa alasiri. Watu zaidi ya mia. Nilivaa suti ya harusi. Inafungika nisipovuta pumzi. Mama Stéphanie alikaa mbele.

Nilianza vizuri mno! Nilikunjua karatasi, watu wawili wakasimama juu ya benchi kuishika. Mikutano hamsini na saba. Watu wakanung'unika. Maamuzi mia moja na tisa, yaliyofanyika ishirini na mawili. Wakapiga kelele. Paa la Mama Mwadi, mara kumi na nne. Wote wakamgeukia mama yule na mkono wake. Nikauliza kwa sauti ya padri: ndugu zangu, mambo haya yanakwama kwa nani? Na nikaanza kuinua kidole, polepole, kuelekea kwenye kiti chenye mikono.

Mama Germaine hakutikisika. Alisema hilo ni swali zuri, naye alikuwa anajiuliza hilo hilo miaka mingi, je, Mwalimu hana ile safu iliyobaki?

David alisimama. Aliniangalia kwanza, kama mtu anayeomba samahani. Akasoma.

Januari 2022, paa la namba 31. Atakayefanya: sekretere ataandika barua ya kuomba mabati. Aprili 2022. Sekretere ataandika barua. Agosti 2022. Sekretere ataandika barua. Alipofika ya tano ukumbi ulikuwa umeshashika wimbo. Yeye anasoma mwezi, wao wanaitikia: "Sekretere ataandika barua!" Wanawake wa kwaya walitia sauti ya pili. Kidole changu kilikuwa bado hewani. Sikujua nikiweke wapi.

Mama Stéphanie akasimama. Akasema shirikisho lina bohari pale Kapolowe, mabati na mbao zipo, kila chama kinachoandika barua kinapewa kwa zamu. Vyama vyote vya jirani vimeshapewa. Wa Shituru hawajawahi kuandika. Shirikisho lilidhani sisi hatuna shida.

Nikaeleza. Nilisema muhuri ulikauka. Nilisema barua kwa shirikisho si jambo la kukurupuka, kwamba ninayo, imeanza, "Kwa heshima na taadhima", na nilikuwa natafuta neno linalofuata.

"Papa Lambert," alisema Mama Germaine, na hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali awe nayo. "Minye nilifikiri ulishatuma. Kila mara nikikuuliza, unasemaka barua iko njiani."

Ilikuwa njiani. Kichwani.

Halafu Mama Mwadi akasimama. Alimuuliza David ile barua inahitaji mistari mingapi. David alifikiri, akasema minne inatosha.

"Mistari ine," alisema Mama Mwadi. Akakaa.

Hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangecheka.

Yaliyofuata yalichukua dakika kumi na moja. Nilipima kwa mazoea. David aliandika mistari minne palepale, wote saba tukatia sahihi, Ricky akasema kesho alfajiri anaipeleka Kapolowe na gari lake. Wakaamua kwamba tangu leo kila uamuzi utakuwa na jina na tarehe, na kikao kinachofuata kitaanza kwa kumwuliza mwenye jina. Wakaamua nyumba nne nyingine zitengenezwe kwa kufuata ubovu wa paa, si kwa kufuata anayepiga kelele. Mama Stéphanie alifurahi. Alisema hivi ndivyo takwimu zinavyotumika. Zangu!

Mwisho, Mama Germaine akapendekeza Mwalimu David awe sekretere. Mikono ikainuliwa. Na wangu pia. Nilidhani tunapigia kura mapumziko.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mabati yamefika jana jioni. Leo tangu asubuhi kampi nzima iko namba 31. Mafundi juu, wanawake wanasonga bukari na kupika sombe ya majani ya muhogo uani. Mimi nimepewa kazi ya kushika ngazi. Mama Germaine alinikabidhi mbele ya wote, jina na tarehe: Papa Lambert, ngazi, 25 Oktoba. Niliishika kwa saa sita. Colette alikuja kuniangalia mara mbili, akaniletea maji. Hakusema kitu kuhusu rangi ya kucha.

Saa kumi msumari wa mwisho ukaingia. Saa kumi na nusu mvua.

Watu walikimbilia makwao. Mama Mwadi akaniita ndani. Alinikalisha kwenye kigoda katikati ya chumba, pale pale palipokuwa na mabeseni, akanipa chai kwa mkono ule mzima. Kofia ya mume wake imerudi ukutani.

"Sikia," alisema.

Nikasikiliza. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati, kelele tupu, huwezi hata kuongea. Hakuna tone lililoingia. Alifumba macho. Viatu alikuwa amevivua, ameviweka mlangoni, kimoja kando ya kingine.

Nilitaka kumwambia samahani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasema mabati yamepigiliwa vizuri.

"Njo ile," alikubali Mama Mwadi, akaniongezea sukari.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Nilimwambia Colette kwamba mistari minne si mingi. Akaniwekea chakula, akaweka na kipande cha samaki alichokuwa amejitunzia. Sijui kwa nini.

Jumapili, 26 Oktoba

Ushindi!

Mama Stéphanie amenipigia simu mwenyewe, baada ya misa. Mwezi ujao anafundisha komite tano pamoja kule Kambove. Anataka niende nisimame mbele yao nieleze yote yaliyotokea Shituru, toka mwanzo. Alisema mimi ni mfano mzuri kuliko wote aliowahi kupata. Mfano! Mbele ya komite tano! Hakumwalika Germaine. Hakumwalika David.

Colette aliuliza mfano wa nini. Nilimjibu mambo mengine yanaeleweka bila kuulizwa. Akatoka nje, nikasikia anacheka na jirani. Furaha ya mke ni kitu kizuri.

Nimeanza hotuba mara moja. Sitaki kuchelewa. Ukurasa mmoja umekwisha, na unahusu jinsi nilivyogundua takwimu. Ukurasa wa pili unaanza hivi: "Ndugu zangu wa komite, kwa uchunguzi wangu mwenyewe niligundua kwamba Shituru kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekwamisha kila kitu."

Sentensi nzito. Nimeisoma mara tatu mbele ya kioo.

Sasa namtafuta huyo mtu ni nani. Kesho naanza upya na madaftari, David akiniruhusu.